Mnyama wa hadithini tumhukumu kama mtu au kama mnyama?

#1. Mkazi wa Ngamiani, Tanga (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, salaam. Naleta mjadala ambao umekigawa kikundi chetu cha wasomaji hapa Tanga, unaohusu namna mashabiki wa hadithi za ulimwengu wa kubuni wanavyowaelewa na kuwahukumu wahusika wanyama. Hoja yangu naiweka mwanzoni ili anayetaka kuipinga asipate taabu ya kuitafuta. Naona wengi wetu tunatumia mizani mbili kwa mnyama mmoja. Mnyama tunayempenda akitenda wema tunamsifu kama mtu, na akitenda ubaya tunamsamehe kwa kuwa ni mnyama tu. Yule tusiyempenda tunamgeuzia mizani: wema wake tunauita silika na ubaya wake tunauita dhamira.

Aliyetugombanisha ni Veil, mnyama wa jamii ya vicheche katika riwaya ya Brian Jacques iitwayo *Outcast of Redwall*, iliyotoka mwaka 1995. Kwa wasioufahamu mfululizo huo, ulianza mwaka 1986, ukafikia vitabu 22, na ndani yake hamna binadamu. Ndani ya abasia (makao ya watawa) ya Redwall wanaishi panya wadogo, mafuko, fisi-maji na wenzao wapole. Wanaokuja kuivamia ni panya wakubwa wa maghalani, vicheche na mbweha. Linalowaudhi mashabiki wengi ni kwamba wema na ubaya vimegawiwa kwa kufuata aina ya mnyama, karibu bila kubakiza, kiasi kwamba ukitajiwa ukoo wa mhusika mpya huna haja ya kusubiri matendo yake.

Veil ndiye mtihani wa kanuni hiyo. Aliachwa nyuma akiwa mchanga na baba yake, jemadari wa kundi la waovu, akaokotwa, akalelewa ndani ya abasia na Bryony, binti panya aliyempenda kama mwanawe. Siku ya kupewa jina tayari alitabiriwa ubaya. Alikua akawa mwizi, akatia sumu jikoni, akafukuzwa. Mwishoni aliupokea mwilini mwake mkuki ambao baba yake alimrushia Bryony, akafa. Baada ya yote hayo Bryony mwenyewe anakubali kwamba kijana yule alikuwa mbaya, na kitabu kinaelekea kumwunga mkono.

Nusu ya kikundi chetu kinasema mwandishi alimnyima Veil haki, kwa kuwa mtoto aliyekua akitazamwa kwa shaka na nyumba nzima hakupewa nafasi ya kuwa kitu kingine. Nusu nyingine inasema sumu ni sumu, hata ikitiwa na kicheche. Mimi nawauliza nyote: tumhukumu kwa sheria ya nani? Naongeza jambo moja la haki kwa mwandishi. Jacques alizianza hadithi hizi kwa ajili ya watoto wa shule ya wasioona ya Royal Wavertree mjini Liverpool, na kwa maoni yangu mtoto anayesikiliza bila kuona picha hufaidika akijua upesi nani ni nani. Udhuru huo unafaa kwa kitabu cha kwanza. Kwa kitabu kinachomchukua kicheche kuwa kiini cha kisa, siuoni kuwa unatosha.

#2. Msomaji wa Chumbageni

Mkuu, nakubaliana nawe nusu. Kabla hatujamshtaki Mwingereza, tuanzie nyumbani. Ni nani kati yetu aliyewahi kumwonea huruma fisi wa hadithi za bibi? Fisi wetu ni mlafi na mpumbavu tangu *paukwa, pakawa*, na kila anapoingia tunajua atatoka na aibu. Sungura, kwa upande wake, hukataa kuchimba kisima pamoja na wenzake kisha huenda kuiba maji usiku, hudanganya, husababisha vifo, na sisi tunacheka mpaka machozi. Tungemhukumu Sungura kwa sheria za mji wa Tanga, angekuwa gereza la Maweni siku nyingi.

Lakini sidhani kwamba tunaposikiliza hadithi ile tunawahukumu fisi wote waliopo duniani. Ngano husimuliwa kwa muda mfupi, na msimulizi hana nafasi ya kumjenga mhusika kutoka msingi, hivyo humchukua mnyama ambaye wasikilizaji wamekwisha kumjenga vichwani mwao. Fisi pale ni barakoa ya ulafi. Anayevuliwa nguo ni binadamu mlafi aliyeketi palepale barazani, na yeye mwenyewe anajua. Shamba la Wanyama la George Orwell, ambalo Fortunatus Kawegere alitupatia kwa Kiswahili mwaka 1967, linafanya kazi hiyohiyo: hakuna msomaji aliyemaliza kitabu kile akawachukia nguruwe wa kufugwa.

Riwaya ya kurasa mia tatu na zaidi ni jambo jingine. Mwandishi anayempa mnyama utoto, mlezi, wivu na mapenzi amekwisha kuivua ile barakoa. Hawezi kutupa moyo wa mhusika kisha akatuambia tumtazame ukoo wake.

Tena angalieni jinsi ngano zetu wenyewe zilivyo na ujanja kuliko tunavyozikumbuka. Katika mkusanyo wa hadithi za Unguja ambao Askofu Edward Steere aliuchapisha mwaka 1870 kuna kisa cha kima na papa. Papa anamchukua rafiki yake kima baharini, na katikati ya safari anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anajibu kwamba moyo ameuacha nyumbani mtini, papa anageuza, na kima anaokoka. Kila anayekisikia kisa hiki humsifu kima kwa akili. Mimi hujiuliza habari za papa. Alitumwa na mfalme wake, alimwambia rafiki yake ukweli kabla ya kufika, na uaminifu huo ndio uliomharibia kazi. Msaliti gani hutoa taarifa mapema namna ile?

#3. Mkazi wa Pangani

Ndugu zangu, mimi natazama upande wa wanyama wenyewe, kwa sababu hapa kwetu hifadhi ya Saadani iko karibu na fisi si kiumbe cha vitabuni. Mnasema kwamba hadithi haiwahukumu fisi halisi, nami nasema inawahukumu kila siku. Filamu ya *The Lion King* ya mwaka 1994 iliwafanya fisi kuwa kundi la wavivu wenye njaa wanaongojea mabaki ya simba, na vijana wengi waliokua nayo wanaamini kwamba wamejifunza jambo la kweli kuhusu porini.

Hans Kruuk, mtafiti Mholanzi, aliwachunguza fisi madoa katika Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, akachapisha kitabu chake mwaka 1972. Aliona kwamba wanawinda wenyewe, usiku, kwa ushirikiano, na kwamba ndani ya Ngorongoro simba walionekana mara nyingi wakila mizoga ambayo fisi ndio walioiua. Mtalii anayefika asubuhi huona simba anakula na fisi wamekaa pembeni, akadhani amemwona mwenye mali na wezi wake. Majike ndio wanaotawala ukoo. Tukigeukia upande wa pili, simba dume anapoteka kundi jipya kwa kawaida huua watoto wa mtangulizi wake, na hilo filamu haikulipa nafasi katika sifa za ufalme. Kwa hiyo mimi namwona shabiki anayemtetea fisi wa kwenye filamu kuwa anarekebisha dhuluma ambayo ina madhara nje ya kioo, hasa katika nchi ambako fisi bado anahusishwa na uchawi na anauawa kwa sababu hiyo.

#4. Mkazi wa Ngamiani, Tanga (mwanzisha uzi)

Mkazi wa Pangani, ahsante kwa elimu hiyo, ila sikubali kwamba biolojia ndiyo iwe hakimu wa hadithi. Tukiifuata tutampokonya Rafiki, yule nyani mganga wa filamu hiyo, uganga wake, kwa sababu nyani wa sura ile ni wa misitu ya Kameruni, Gaboni na jirani zake, na pale mbugani kwetu angehitaji kibali cha uhamiaji. Filamu haikuahidi kutupa somo la wanyamapori.

Kosa la filamu ile nalitafuta ndani yake yenyewe. Inatuambia kwamba fisi wamefungiwa katika nchi ya kivuli yenye mifupa, wana njaa, na wanaongea, wanapanga na wanacheka kama simba. Basi kwa nini njaa yao isihesabiwe? Hatuonyeshwi kosa la kwanza lililowafukuza katika ardhi yenye malisho. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuliipata hukumu hata kabla ya ushahidi, kwa sababu jike anayewaongoza amepewa jina la Shenzi, huku mtoto wa mfalme akiitwa Simba bila nyongeza. Kiongozi jike, kwa bahati, ndilo jambo ambalo Kruuk angelithibitisha.

#5. Mwigizaji wa Bagamoyo

Nimefuatilia uzi huu kwa hamu, kwa sababu nimesomea sanaa za maonyesho hapa Bagamoyo na nimewahi kuigiza wanyama wengi kuliko watu. Ninyi mnajadili kana kwamba hukumu huja baada ya kisa. Jukwaani huja kabla ya neno la kwanza. Ukiingia umeshusha kiuno, mabega juu, ukatembea kwa kuyumba, watoto wa mstari wa mbele wamekwisha kukuzomea, na hata ukizungumza maneno ya walii hawakuamini. Ukiingia kwa hatua ndefu, kifua wazi, unaweza kufanya unyama mkubwa na bado wakakupigia makofi. Nimeyajaribu yote mawili kwa maneno yaleyale.

Waandishi nao wanajua siri hii. Shere Khan, chui milia wa Kipling katika *The Jungle Book* ya mwaka 1894, alizaliwa na mguu mbovu, na kitabu kinaeleza kwamba ndiyo sababu anaua ng'ombe tu badala ya kuwinda kama wenzake. Msomaji wa zamani aliuona ule ulemavu kuwa alama ya ubaya. Mashabiki wa leo wanauona kuwa sababu, na wapo wanaokwenda mbali zaidi na kuuliza kama mnyama asiyeweza kukimbia na anayechekwa kwa kilema chake na mama yake mwenyewe alikuwa na njia nyingine. Mimi nawakubalia swali, ila sisahau kwamba alimtaka mtoto mchanga wa binadamu kwa jeuri, na kwamba ndani ya kitabu kile kuna Sheria ya Msitu ambayo yeye anaijua na kuivunja. Hilo ndilo linalonishawishi zaidi kuliko kutembea kwake.

Kisha mfikirieni Kaa, chatu. Kitabuni ni mzee wa kuogopwa lakini anayemsaidia Mowgli, yule mtoto wa binadamu, kwa kweli: ndiye anayekwenda pamoja na Baloo na Bagheera kumkomboa kutoka kwa nyani. Filamu ya mwaka 1967 ikamgeuza kuwa mlaghai anayemtaka mtoto kwa chakula. Hakuna alichotenda kitabuni kilichostahili mabadiliko hayo. Alikuwa nyoka, na watengenezaji walijua hadhira itamkubali nyoka mbaya bila maelezo. Katika vibanda vya video vya hapa kwetu, msimulizi anayeingiza sauti ya Kiswahili juu ya filamu humaliza kazi iliyobaki: nyoka akitokea tu, anaongeza neno lake la kumlaani, na ukumbi mzima unaitikia. Naomba tusiwalaumu mashabiki peke yao.

#6. Msomaji wa Raskazone

Kaka zangu, mnawataja fisi na chui, mimi nitamtaja paka, kwa sababu ndiye aliyenifundisha jinsi msomaji anavyohukumu haraka. Katika kitabu cha tatu cha Harry Potter, kilichotoka mwaka 1999, paka wa Hermione aitwaye Crookshanks anamwinda panya wa Ron kitabu karibu chote. Ron anamchukia, urafiki unavunjika, na wasomaji wengi waligawanyika vivyo hivyo: wengine wakimtetea paka kwa kusema kwamba paka kuwinda panya si dhambi, wengine wakimwona kuwa mnyama mkorofi mwenye mmiliki asiyejali. Kisha inabainika kwamba yule panya ni mtu, Peter Pettigrew, msaliti aliyejificha katika umbo lile kwa miaka, na kwamba paka alikuwa ameng'amua kabla ya watu wote.

Tazameni kilichotokea kwa pande zote mbili. Waliomtetea paka kwa hoja ya silika walishinda kesi kwa hoja isiyo sahihi, kwa sababu hakuwa akifuata silika, alikuwa akitumia akili. Waliomhurumia panya walikuwa wamempa huruma mtu ambaye asingeistahili. Tendo halikubadilika hata kidogo, kilichobadilika ni taarifa kuhusu nani alikuwa ndani ya ngozi ile.

Ndani ya kitabu hichohicho kuna kesi halisi ya mnyama. Buckbeak, hipogrifu mwenye mbele ya tai na nyuma ya farasi, anamjeruhi Draco Malfoy na anahukumiwa kifo. Wanafunzi walikuwa wameonywa kwamba viumbe hao ni wenye majivuno na hawatukanwi, Malfoy akamtukana. Kwa hiyo mnyama alikuwa na sheria yake, iliyojulikana, na aliyeivunja ni mtoto wa mtu. Lakini baraza lililomhukumu lilikuwa la watu peke yao, na mshitakiwa hakuwa na ulimi. Hapo ndipo hoja ya mwanzisha uzi inaponikaa sawasawa: mnyama yule alipimwa kwa sheria ambayo hakuwahi kuwa mshirika wake.

Nagini sitamtaja kwa kirefu. Filamu ya mwaka 2018 ilituambia kwamba yule nyoka wa Voldemort aliwahi kuwa mwanamke aliyelaaniwa, na mashabiki wengi walikasirika, baadhi yao kwa sababu walikuwa wamekwisha kushangilia kukatwa kichwa chake. Ukimfanya mnyama kuwa mtu baada ya kifo chake, unamwachia msomaji damu mikononi ambayo hakujua ameigusa. Naona huo ni ufundi mbovu.

#7. Msomaji wa Muheza

Nachangia kwa ufupi. Mwaka 2019, katika msimu wa mwisho wa *Game of Thrones*, Jon Snow aliagana na mbwa mwitu wake Ghost bila hata kumpapasa, na hasira ya mashabiki ilikuwa kubwa. Katika tamthilia hiyohiyo joka Drogon alimuua mtoto wa mchungaji, na mifupa ya mtoto yule ikaletwa na baba yake mbele ya malkia. Mashabiki niliobishana nao mimi walimsamehe joka siku ileile. Mwenye mizani mbili si msomaji wa Redwall peke yake.

#8. Mwalimu wa madrasa, Makorora

Assalaam alaykum. Nimeombwa na mwanafunzi wangu nisome uzi huu, nami nimeukuta una maana kuliko nilivyotarajia. Nitasema mambo mawili.

La kwanza ni kuhusu kukalifishwa. Katika dini yetu mtu hubeba wajibu wa sheria akiwa amebaleghe na ana akili timamu. Mtoto mdogo na mwendawazimu hawamo, na mnyama ndiyo kabisa hayumo. Aliyepewa uwezo wa kuelewa amri na uwezo wa kuchagua ndiye anayeulizwa. Kwa hiyo mnaposoma hadithi za kubuni, kabla ya kumlaumu mnyama angalieni kama mwandishi amempa vitu hivyo viwili. Akiwa amempa, mnyama huyo ni mtu katika vazi la manyoya, aulizwe kama mtu na atetewe kama mtu. Akiwa hakumpa, lawama mtafutieni mwenye kumfuga. Joka la ndugu yetu wa Muheza nadhani liko hapo: aliyepaswa kujibu mbele ya yule baba ni malkia.

La pili nalisema kwa tahadhari, kwa kuwa sichanganyi maneno ya Mwenyezi Mungu na hadithi za kubuni. Katika Sura ya An-Naml, Nabii Sulaiman, amani iwe juu yake, alipowakagua ndege hakumwona Hud-hud, akatishia kumpa adhabu kali au kumchinja, isipokuwa kama angeleta hoja iliyo wazi. Hud-hud akaja, akasikilizwa, na habari aliyoileta ya Malkia wa Sabaa ikawa kubwa kuliko kosa la kuchelewa. Ndege alipewa nafasi ya kujitetea kabla ya hukumu. Nilipomsoma huyo Buckbeak wenu hapo juu nikaikumbuka adabu hiyo.

#9. Msomaji wa Chumbageni

Shikamoo ustadh. Kipimo chako nakiunga mkono, na nina kisa kinachokionyesha kikifanya kazi. C. S. Lewis aliugawa ulimwengu wake wa Narnia kati ya wanyama wanaosema na wasiosema. Kumwinda swala asiyesema si kosa, lakini kumla anayesema ni kula mtu. Katika *The Silver Chair*, ya mwaka 1953, wasafiri watatu wanakaribishwa na majitu, wanakula nyama ya kulungu, kisha wanasikia majitu yakisema kwamba kulungu yule alikuwa akiongea. Jill, ambaye ni mgeni katika nchi ile, anamsikitikia tu mnyama. Eustace, ambaye amewahi kuwa na rafiki wa aina hiyo, anashtuka kama aliyesikia habari za mauaji. Puddleglum, mzaliwa wa Narnia, anachafukwa na moyo na kuishiwa nguvu kama mtu aliyekula mtoto mchanga.

Watatu wamekula chakula kimoja na kila mmoja ana uzito wake wa hatia, kwa kadiri alivyoishi ndani ya ile sheria. Mashabiki tunaogombana humu ni hao watatu. Mwenye kusoma kwa mara ya kwanza anasikitika, mwenye kuupenda mfululizo anashtuka, na yule aliyehamia kabisa ndani ya kitabu anaishiwa nguvu, na kila mmoja anamwona mwenzake kuwa hana moyo au hana akili.

#10. Mkazi wa Ngamiani, Tanga (mwanzisha uzi)

Ustadh, marahaba kwa kutufikia, na kipimo chako nitakichukua jinsi kilivyo. Sasa naomba nikipeleke mahali pagumu, tena nyumbani. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa Tanga, alichapisha *Adili na Nduguze* mwaka 1952. Msomaji anakutana na Adili, gavana mwema asiyekuwa na doa, ambaye kila usiku anawachapa mijeledi manyani wawili na kisha anawabembeleza. Mjumbe wa mfalme Rai anaona kitendo hicho kwa siri, anaduwaa, na habari inafika kwa mfalme. Sisi nasi tunaduwaa pamoja naye, kwa sababu hatuelewi jinsi mtu mwadilifu anavyoweza kuwatesa viumbe wasio na ulimi.

Baadaye tunaelezwa kwamba manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya uovu waliomtendea, na kwamba Adili analazimishwa kuwachapa na asipofanya hivyo ataadhibiwa yeye. Ghafla kilio cha wanyama kinageuka kuwa kilio cha wakosaji, na wasomaji wengi niliozungumza nao wanapumua kwa nafuu. Wanasema: kumbe walistahili.

Mimi nafuu hiyo naitilia shaka. Mijeledi ni ileile. Kama ilikuwa ukatili ilipowapata wanyama, imekuwaje haki ilipowapata watu? Mwandishi mwenyewe, naona, hakutaka tupumue upesi hivyo, ndiyo maana Adili analia anapochapa na hakuna ukurasa unaomwonyesha akiridhika. Aliyeamuru ndiye aliyekuwa na uhakika, na mpigaji hakuwa nao. Kwa kipimo cha ustadh, Hasidi na Mwivu walikuwa na akili na hiari walipotenda, kwa hiyo waulizwe. Lakini wamewekwa katika umbo lisiloweza kujibu, na kila usiku wanaulizwa kwa mjeledi swali ambalo hawana kinywa cha kulijibu. Mwishoni wanarudishiwa ubinadamu, na ni hapo tu ndipo toba yao inapoweza kusikika.

#11. Msomaji wa Raskazone

Kaka, kwa Adili niko pamoja nawe, isipokuwa naona umemsahau mnyama mmoja ambaye katika fasihi yetu anamzidi hata Adili, naye ni paa wa Sultani Darai, katika mkusanyo uleule wa Steere. Maskini aliyekuwa akipekua jaa anaokota thumni na kumnunua paa. Paa anasema, ana akili, ana hiari kamili. Anampatia bwana wake binti wa sultani kwa hila, anamuua nyoka wa vichwa saba, anampa bwana wake nyumba ya yule nyoka na mali yote. Kisha anaugua, anaomba chakula, na Darai anaamuru apikiwe uji wa mtama, kwa hoja kwamba paa wa thumni hastahili zaidi. Mkewe anamwonya mara nyingi. Paa anakufa kwa uchungu, na Darai anaamuru mzoga utupwe kisimani.

Kwa kipimo cha ustadh, paa huyu ni mtu aliyekamilika. Hata hivyo nimewasikia wasomaji wakimlaumu paa mwenyewe: alidanganya kwa sultani alipodai kwamba bwana wake ni tajiri aliyeporwa njiani, kwa hiyo, wanasema, alivuna alichopanda. Sungura akidanganya kwa ajili ya tumbo lake tunacheka. Paa akidanganya kwa ajili ya mwingine tunamkumbusha uongo wake. Sielewi mantiki hiyo, na ningeomba mwenye kuielewa aieleze hapa.

#12. Mkazi wa Pangani

Dada, nitajaribu, ingawa siitetei. Nadhani wanaomlaumu paa wanajisikia vibaya kuwa upande wa Darai. Kila msomaji amewahi kumlipa mtu aliyemfaa kwa kumkumbusha alikotoka, na ni rahisi kutafuta doa kwa paa kuliko kukaa na aibu hiyo. Sungura hakuwahi kutudai kitu, ndiyo maana tunaweza kumcheka.

Ila kisa chenyewe hakikuacha hukumu mikononi mwetu. Mke wa Darai alimwandikia baba yake, sultani akaja na watu wake, wakamtoa paa kisimani na kumzika kwa heshima ya mtu. Darai hakupelekwa kwa kadhi wala hakuchapwa. Alilala, akaamka, akajikuta juu ya jaa lilelile akipekua, bila nyumba, bila mke, na bila hata ile thumni.